Nimeanguka vibaya na baiskeli: mfupa umeunga, kichwa bado. Na helmeti hii niitupe?

Pedali ya Kushoto

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya waliowahi kuanguka vibaya wakanyanyuka. Sisemi kuchubuka magoti, nasema kuanguka kwa kubebwa.

Mkasa wenyewe ni huu. Nilikuwa napita kando ya magari yaliyoegeshwa, dereva mmoja akafungua mlango bila kutazama nyuma. Hayo nimesimuliwa tu. Kumbukumbu yangu inaishia kwenye taa za barabarani za nyuma kidogo, inaanza tena nikiwa nimelala chali na mtu ananiuliza jina langu, kwa mara ya sijui ngapi. Mtulinga wa kushoto ulivunjika katikati, mbavu mbili zikapata nyufa, na kwenye cheti daktari akaandika mtikisiko wa ubongo. Picha ya CT ya kichwa ilionyesha hakuna damu iliyovuja wala ufa kwenye fuvu. Mtulinga ukafungwa kwa bamba la chuma na skrubu.

Miezi imepita, na sasa tumefika mahali ambapo kila mtu ananiona nimepona isipokuwa mimi mwenyewe. Juzi daktari wa mifupa kaangalia picha mpya, kasema mfupa umeunga vizuri, baiskeli ruksa. Nyumbani wakapiga vigelegele. Lakini nikikaa mbele ya kompyuta kidogo tu, kichwa kinaanza kubana nyuma ya macho. Kelele za watu wengi zinanichosha kuliko kupanda mlima. Naingia chumbani nasahau nilichofuata. Na nimekuwa mkali, watoto wameanza kuulizana pembeni kama leo mama anaongeleka. Usiku nikigeukia upande wa kulia kitandani, chumba kizima kinazunguka kwa sekunde kadhaa halafu kinatulia. Chini ya kovu ngozi imekufa ganzi. Halafu kuna mkono wa kulia, karibu na kidole gumba, unauma nikifungua kifuniko cha chupa. Picha ya siku ile ilisema mkono hauna tatizo, basi sikuufuatilia.

Nilijaribu kupanda baiskeli mtaani. Gari likipita tu, vidole vinabana breki vyenyewe, wala sivitumi.

Jambo la mwisho ni helmeti. Kwa nje ina mikwaruzo tu, ukiiona utasema nzima. Ila ndani, upande wa kushoto kwa nyuma, lile povu jeupe limebonyea, na kuna ufa mwembamba kama unywele unaoonekana ukiipinda kidogo. Kaka yangu anasema tuupige gundi, kitu bado imara. Na shemeji yenu, yaani mume wangu, ana swali lake ambalo sina jibu: kama helmeti inafanya kazi, mbona ubongo umetikisika?

Karibuni.

Jembe Butu

Pole sana dada. Uza baiskeli, nunua gari. Nimemaliza.

Pedali ya Kushoto

Asante mkuu, ila aliyeniangusha ndiye alikuwa ndani ya gari.

Mzee wa Spoki

Dada, pole, na tumshukuru Mungu unaandika mwenyewe. Mimi nina chuma ndani ya mfupa wa paja, kinaanzia nyongani kinaishia karibu na goti, zawadi ya kona moja yenye changarawe kwenye mteremko. Fahamu zilinipotea pia. Kwa hiyo nakujibu kama mwenzako wa wodi, udaktari sina.

Anza na kichwa, bega liache kwanza. Bega lina picha: daktari anaitazama, anaona mfupa umeota, anakupa ruhusa. Mtikisiko wa ubongo hauna picha ya namna hiyo. Ile CT kazi yake ilikuwa kutafuta damu na nyufa za fuvu, na kutokukuta kitu ni habari njema sana, lakini haisemi kwamba ubongo haukuumia. Ubongo ulirushwa na kusokotwa ndani ya fuvu, na madhara yake yako kwenye ufanyaji kazi wa seli zenyewe, mambo ambayo picha ya kawaida haiyaoni. Kwa hiyo daktari wa mifupa kasema kweli kuhusu mfupa, na wewe unasema kweli kuhusu kichwa. Hizo ni ruhusa mbili, na mkononi unayo moja.

Watu wazima wengi hutulia ndani ya wiki chache. Dalili zikivuka mwezi, kama zako, hapo si pa kuvumilia nyumbani, ni pa kumuona daktari anayeshughulika na majeraha ya ubongo. Mpelekee orodha hiyo hiyo uliyotuandikia: kompyuta, kelele, usahaulifu, hasira, kizunguzungu. Hasira usiione aibu kuitaja. Kwangu ndiyo iliyochelewa kuondoka kuliko zote. Sauti ya vijiko vikimwagwa kwenye droo ilikuwa inanipasua kichwa. Mke wangu akawa anatandika kitambaa na kuviweka kimoja kimoja, usiku, nikiwa nimelala. Waambie watoto kwamba mama ana jeraha kichwani ambalo halina bandeji. Wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Kuhusu mazoezi: zamani watu waliambiwa wajifungie chumba cha giza mpaka dalili ziishe. Siku hizi hawashauri hivyo. Unapumzika siku moja au mbili za mwanzo, kisha unaanza kujishughulisha polepole, na dalili ndizo zinazokuongoza. Baiskeli ya mazoezi isiyotembea ni nzuri kwa hilo kwa sababu haina gari wala kuanguka. Panda kwa nguvu ndogo. Kichwa kikibana kidogo na kikatulia baada ya muda mfupi, hapo upo sawa. Kikibana hadi kesho yake, umezidisha, rudi hatua moja nyuma. Barabarani hupandi mpaka kazi za kawaida za nyumbani na ofisini zisikuletee dalili. Sababu si ugumu wa pedali. Kuanguka tena wakati ubongo haujapona ni hatari kubwa kuliko kuanguka kwa kwanza, na mtu mwenye kizunguzungu na akili inayochelewa ndiye anayeanguka kirahisi. Dawa za maumivu nazo zina ujanja wake: ukizimeza kila siku kwa muda mrefu, zenyewe zinaanza kuleta maumivu ya kichwa. Mwambie daktari unameza mara ngapi.

Hili nalo mwonyeshe shemeji alisome, maana ndiye anayekuona. Baada ya mtu kugonga kichwa, hasa siku za mwanzo, ukiona anatapika tena na tena, maumivu yanazidi badala ya kupungua, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, anachanganyikiwa, haamki vizuri, anapata degedege, mkono au mguu unalegea, au maji yasiyo na rangi yanamtoka puani au sikioni, usisubiri kupambazuke. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu huku mtu anaongea nawe vizuri tu.

Sasa helmeti. Kaka yako nampenda bila kumjua, lakini gundi aiweke kwenye viatu. Lile povu ni la kutumika mara moja, kama njiti ya kiberiti: ikishawaka imewaka. Unene wake ni sentimita mbili tatu tu. Kichwa kikigonga lami bila kitu, kinasimamishwa ndani ya milimita chache. Povu likibonyea, kichwa kinapata nafasi kidogo zaidi ya kusimamia na muda mrefu kidogo, na nguvu inayolifikia fuvu inashuka sana. Pale palipobonyea hapainuki tena. Ganda la nje linarudi umbo lake na kukudanganya, ndiyo maana kwa nje unaiona nzima. Ikigonga tena mahali pale pale, chini ya ganda hakuna kilichobaki cha kubonyea. Ikate mikanda kabisa kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akamvisha mtoto.

Na swali la shemeji ni zuri kuliko majibu mengi ninayosoma humu. Helmeti hupimwa kwa kuangusha kichwa bandia. Kipimo cha Ulaya, EN 1078, kinakiangusha kwenye chuma bapa kutoka mita 1.5, maana yake kinafika chini kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa, na mshtuko unaosomeka ndani usizidi mara 250 ya mvutano wa dunia. Kile cha Marekani kinatumia mita 2 na kikomo cha 300. Vipimo hivyo vilitungwa kuzuia fuvu kupasuka na ubongo kuvuja damu, mambo yanayoua. Mtikisiko unatokea kwenye mishtuko midogo kuliko hiyo, tena unaletwa zaidi na kichwa kuzungushwa ghafla, na kipimo cha kuangusha wima hakipimi mzunguko. Ndiyo sababu wahandisi wa Sweden walikuja na ule utando wa ndani unaoteleza, MIPS, ili helmeti izunguke kidogo na kichwa kisizunguke nayo. Unapunguza, hauondoi.

Kwa hiyo mwambie shemeji aangalie pale povu lilipobonyea. Nguvu iliyofanya kazi ile ilikuwa inaelekea kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lako. CT yako ikarudi safi. Mimi hapo sioni helmeti iliyoshindwa.

Tairi Kipara

Mzee nakuheshimu, ila hapo kwenye helmeti mnatishana. Uholanzi watu wanaendesha na suti na sketi, watoto mbele na nyuma, kofia ngumu hakuna, na ni nchi salama kwa baiskeli kuliko nyingi zenye sheria. Australia walilazimisha kisheria tangu 1990, jimbo la Victoria ndilo lililoanza, wabishi mpaka leo wanasema watu waliacha baiskeli wakarudi kwenye magari. Na kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kifaa cha kupima umbali kwenye baiskeli yake, akachapisha 2007 kwamba madereva walimpita karibu zaidi akiwa amevaa helmeti kuliko akiwa kichwa wazi. Dada huyu kaangushwa na mlango wa gari. Tuzungumzie milango na barabara, sio kumuuzia kofia nyingine.

Mzee wa Spoki

Tairi, umesema kweli nyingi kwa mkupuo, ngoja nizipange.

Uholanzi: wana njia zao peke yao, wanaenda mwendo wa polepole wakiwa wamekaa wima, na dereva naye alikulia juu ya baiskeli. Ukinipa hayo yote, kwa kwenda kununua mkate hata mimi nitatoka kichwa wazi. Huyu dada hakuanguka Uholanzi, alianguka kwenye mstari wa magari yaliyoegeshwa.

Utafiti wa Bath naujua. Wengine walizichambua upya takwimu zile zile, wakachapisha 2013 kwamba ile tofauti ya helmeti haisimami ukihesabu kwa namna nyingine, ugomvi haujaisha. Lakini kuna jambo unaliruka: huyo mtafiti, wakati wa kukusanya takwimu, aligongwa mara mbili, na basi na lori, na mara zote mbili alikuwa ameivaa. Wewe utasema ndiyo ushahidi wako. Mimi nasema ndiyo siku za kuwa nayo.

Maswali mawili yanachanganywa kila mara. Je, serikali ilazimishe watu wote? Hapo bishaneni, mimi nina mashaka yangu. Je, kichwa kikishaelekea kwenye lami, ni heri kuwa na kitu au kutokuwa nacho? Hapo hakuna ubishi wa maana. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walikusanya tafiti kadhaa za majeruhi wa baiskeli, wakakuta kwa waliovaa uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa ulikuwa chini kwa karibu asilimia 69. Punguzo hilo si la shingo, kifua wala mtulinga, maana helmeti haifiki huko.

Hata waendesha baiskeli wa mashindano, watu wanaoishi kwa kuanguka, waliikataa. Mwaka 1991 walipoambiwa waivae, waligoma kwenye Paris–Nice, mashindano ya siku kadhaa ya Ufaransa, sheria ikalegezwa. Mwaka 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa Barcelona, akafa akishuka mlima wa Portet d'Aspet kwenye Tour de France, kichwa wazi. Juu yake watu wanabishana mpaka leo kama helmeti ingemwokoa kwa jinsi alivyogonga, na bado kanuni haikubadilika. Ilibadilika 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka kwenye hiyo hiyo Paris–Nice na kufa kwa jeraha la kichwa. Miezi miwili baadaye ikawa lazima. Leo huwaoni wakilalamika joto.

Kuhusu milango tuko pamoja. Dada, ukirudi, pita mbali na magari yaliyoegeshwa, upana wa mlango uliofunguka na ziada. Wakikupigia honi wapige. Hofu yako mimi siiiti ugonjwa. Mwili umejifunza kitu cha kweli kuhusu magari, sema unakitumia kila mahali hata pasipohitajika. Nilianza upya kwenye uwanja mtupu, nafunga breki na kuachia, nageuka kulia na kushoto, mpaka mikono ikakubali kwamba mimi ndiye ninayeamua. Halafu njia isiyo na magari, halafu barabara tulivu na mwenzangu akiwa nyuma yangu. Kama ndoto za ajali zinakuamsha, au unazunguka mbali kuukwepa mtaa ule hata kwa miguu, kuna washauri wa kisaikolojia wa kazi hiyo hasa, nenda.

Na usijipime kwa waendesha baiskeli wa televisheni. Egan Bernal alijigonga nyuma ya basi lililosimama akifanya mazoezi Colombia, Januari 2022, paja, goti, mbavu, uti wa mgongo, na Agosti mwaka ule ule alikuwa mashindanoni. Yule kupona ndiyo ajira yake, kuna watu wanalipwa kumhesabia hata usingizi. Chris Froome, aliyevunjika paja kama mimi 2019, naye alirudi mashindanoni, ila yule Froome wa zamani hatukumwona tena.

Mnyoosha Viungo

Nimesoma yote kimya. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na wagonjwa wa baiskeli ninao kila wakati. Mzee kaeleza vizuri, mimi naokota mawili yaliyopitwa, moja likiwa la haraka.

La haraka ni mkono. Dada, nyoosha kidole gumba cha kulia juu kama unayesifia kitu. Chini yake, upande wa nyuma wa kifundo cha mkono, patatokea kishimo kati ya kano mbili, zile kamba zinazovuta gumba. Bonyeza humo kwa kidole. Kama pana uchungu wa kuchoma ambao mkono wa pili hauna, rudi ukapigwe picha upya, na waambie huenda ulianguka ukitanguliza kiganja. Hapo ndani kuna kimfupa kidogo ambacho ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Damu inakifikia kwa njia finyu, kwa hiyo kikiachwa kinaweza kisiunge kabisa, na baada ya miaka kifundo kizima kinaharibika. Nimewaona waliovunjika paja wakapona paja, wakabaki na kilema cha mkono ambao hakuna aliyeuangalia.

La pili ni chumba kuzunguka ukigeukia kulia. Kizunguzungu cha mtikisiko wa ubongo huwa cha mchana kutwa, kama umeshuka melini. Hiki chako cha sekunde kadhaa, kinachokuja kwa kugeuka kitandani tu, kina sura nyingine. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa zinazokusaidia kujua uko wima au umelala. Pigo la kichwa linaweza kuzing'oa zikaingia kwenye mifereji ambayo si mahali pake, na kila ukigeuza kichwa zinabingirika humo na kuuambia ubongo kwamba unazunguka. Hakuna dawa ya kumeza ya kuzirudisha. Kuna namna ya kukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio, inaitwa Epley, ni ya dakika chache, na wengi hupata nafuu hapo hapo au baada ya kurudia. Usijifanyie mwenyewe mara ya kwanza, hasa ukiwa na shingo iliyopigwa. Mtaalamu aangalie macho kwanza ajue ni sikio lipi na mfereji upi.

Ganzi chini ya kovu isikutishe. Vijimshipa vya hisia vya ngozi vinapita juu ya mtulinga, na ni kawaida kuguswa wakati wa kuweka bamba. Eneo hupungua kwa muda, pengine pabaki kipande.

Bega lenyewe: mfupa kuunga haimaanishi bega liko tayari kubeba mwili juu ya usukani. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume taratibu, kisha mwambie mumeo aangalie mgongo wako. Kama bapa la bega la kushoto linachomoza kuliko la kulia, misuli inayolishikilia imelala, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya mtulinga kupokea mashimo ya barabara.

Pedali ya Kushoto

Wakuu, narudi kutoa taarifa.

Nilibonyeza kile kishimo nikiwa nasoma hapa hapa, nikapiga kelele mpaka mtoto akaja. Picha mpya imeonyesha ufa, mwembamba, lakini upo. Mkono umefungwa plasta hadi kwenye gumba, na wataangalia tena kama utaunga au utahitaji skrubu. Kwa hiyo suala la barabara limejisogeza mbele lenyewe, na sijui kwa nini, nimepumua.

Sikio: Mnyoosha Viungo, ulipatia. Mtaalamu alinikalisha kitandani, akanigeuza kichwa kulia, akanilaza haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo, akaniambia nisifumbe macho. Chumba kikaondoka. Yeye ananitazama macho tu, anasema "yanacheza, vizuri", mimi nimeshika shati lake nisianguke na hali nimelala! Akanigeuza mara kadhaa, akanikalisha. Usiku ule nikalala upande wa kulia kwa woga, chumba kikakaa mahali pake. Kichwa kubana bado kipo, ila nimepata daktari wa ubongo aliyenipangia kazi ya kompyuta kwa vipande vifupi na mapumziko kati, na yeye ndiye atakayeniambia lini. Hiyo ruhusa ya pili, Mzee.

Shemeji yenu alikaa na ile helmeti mezani muda mrefu, anapitisha kidole pale palipobonyea. Hakusema kitu. Baadaye akachukua mkasi akakata mikanda.

Ameshaninunulia nyingine, yenye ule utando wa kuteleza. Ila nikiikaza isicheze, kichwa kinaniuma kwenye paji la uso baada ya muda mfupi, na sijui kama ni helmeti au ni kichwa changu hiki kipya. Nikiilegeza inarudi kisogoni. Inatakiwa ikaeje?

Mzee wa Spoki

Kama inauma mahali pawili tu, paji na kisogo, huku pembeni pana nafasi, basi umbo lake ni la mviringo na kichwa chako ni kirefu. Hapo kukaza hakusaidii, ibadilisheni muda bado upo. Isipouma popote ikiwa imelegezwa, ukubwa uko sawa na tatizo ni kwamba unakifanyisha kile kidude cha nyuma cha kukazia kazi ya mikanda.

Ivae ikiwa bapa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Ikirudi kisogoni paji linabaki wazi, na paji ndilo linalotangulia ukiruka usukani. Zungusha kidude cha nyuma mpaka ukitikisa kichwa taratibu, mikanda ikiwa wazi, isidondoke. Basi, usiendelee. Kisha mikanda: ile miwili ikutane chini kidogo ya sikio, ya mbele ikiwa karibu wima. Funga wa kidevuni ubakize nafasi ya kidole kimoja au viwili. Fungua mdomo kama unayepiga miayo. Ukiisikia helmeti inavutwa chini, imekaa. Ukisuka nywele au ukizifumua, pima upya, maana unene wa nywele unabadilisha kila kitu.

Na kutikisa kichwa huko muulize daktari wa sikio kwanza, au mwambie shemeji aishike yeye aisukume mbele na nyuma, ngozi ya paji ikienda nayo ujue imeshika.

Mnyoosha Viungo

Naongeza moja tu: siku ya kurudi, usibebe begi la mgongoni. Mkanda wake wa kushoto unapita juu kabisa ya zile skrubu. Mizigo funga nyuma ya baiskeli.